Mchanga Kwenye Viazi Karai

Mombasa chuma hakizeeki, kinaliwa. Tia grili jipya dirishani, lipake rangi mara mbili, ujisifu. Misimu michache mbele ukiligusa linakuachia vipande mkononi. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, na wimbi linapopasuka majabalini chini ya Ngomeni, ile ngome kongwe, sehemu ya chumvi hiyo hupanda hewani, ikaingia Mji wa Kale bila kubisha hodi, ikakaa juu ya kila kilicho cha chuma na kuanza kuvuta unyevu. Ule mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, meli iliyomalizikia Rufiji Julai 1915, leo umewekwa Ngomeni na watu wanapiga nao picha. Ulistahimili makombora ya Waingereza, lakini chumvi haijali historia ya mtu. Kwake mzinga na mguu wa cherehani ni chakula kimoja.

Mguu wa cherehani ndio uliotuletea balaa mtaani kwetu. Shangazi yangu ana ile Singer ya kukanyaga, urithi wa bibi, ambayo miguu yake ya chuma cha kusubu imejaa mapindo na maua, na jina la kampuni limekaa katikati. Kwa miaka ilikuwa chini ya ngazi ikibeba madumu ya maji. Halafu shangazi akaenda harusini Nyali, akaona kama ile ile imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa, imewekewa kioo juu, wageni wanywea kahawa. Usiku ule kwetu hakukulaliwa. "Mwanangu, nitafutia fundi. Yangu ing'are kushinda yao."

Msasa ulijaribiwa, ukashindwa, kwa sababu kidole hakiingii ndani ya ua la chuma. Brashi ya waya ilisugua pale palipokuwa safi tayari, kutu ya kwenye mapindo ikabaki inatucheka. Ndipo akaletwa fundi aliyewahi kusafisha matumbo ya meli gudini. Akaizunguka meza, akaigonga kwa kucha, akasema: "Dawa yake hii ni kupigwa mchanga."

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kompresa inasukuma hewa, hewa inabeba mchanga, mchanga unatoka kwenye tundu kwa kasi na kuing'oa kutu hadi chuma kibaki kijivu. Taabu iko kwenye hewa. Tundu la milimita 10 hivi, kwa shinikizo la ratili 100 kwa inchi ya mraba, linameza karibu futi 200 za ujazo za hewa kila dakika. Kile kikompresa cha kujazia matairi kingezimia mapema. Kwa hiyo fundi alikuja na dubwana la magurudumu linalovutwa na gari, na kwa kuwa vichochoro vyetu vilijengwa kwa ajili ya watu na punda, dubwana likabaki barabarani na mpira ukapitishwa mlango hadi mlango, ukapita juu ya baraza walipokaa wazee.

Mpira ukipita barazani, baraza zima limeshakuwa mainjinia. Mmoja alisema mbinu hii ililetwa na Wareno, mwingine akaapa ni ya Wachina, kahawa ikaongezwa. Ukweli ni kwamba hataza yake aliipata Benjamin Tilghman wa Philadelphia mwaka 1870, na miongoni mwa matumizi aliyoyataja mwanzo ni kuchora nakshi kwenye vioo. Niliwaambia. Walinitazama kama mtu aliyeingilia mazungumzo ya watu wazima.

Kwenye mchanga tulibishana zaidi. Fundi alitaka wa pwani, wa bure. Nikamwambia mchanga mweupe wa pwani una matumbawe mengi yaliyosagika, laini kuliko hicho chuma, na juu ya hayo umejaa chumvi, yaani tunamtoa mwizi kwa mlango wa mbele na kumrudisha kwa dirisha. Akaleta wa mto. Huo una makali, ila vumbi lake la silika huingia kwenye mapafu na halitoki tena. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hiyo kwa kusafishia vyuma vya kusubu tangu 1949. Kwenye meli wanatumia taka za shaba zilizosagwa, na mpigaji huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira wake peke yake. Fundi wetu alijifunga leso ya shangazi. Ilikuwa na methali, lakini methali haizuii silika. Nikataja hata Sanamu ya Uhuru kule New York, ambayo miaka ya 1980 lami ya ndani yake iliondolewa kwa kupigwa magadi ya kuokea mikate. Angalau yale yakimwangukia jirani, maharagwe yake yataiva haraka. Shangazi akakata shauri: "Wewe soma vitabu vyako, na fundi afanye kazi yake."

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma. Kaskazini mwa mlango wetu anakaa Bi Mkubwa anayeuza viazi karai. Kusini, yule wa mishkaki ambaye tangu afungue amemnyang'anya nusu ya wateja. Fundi alipofyatua, wingu liliinuka rangi ya chai ya maziwa, likasita kidogo juu ya bomba la maji, kisha likaelekea kaskazini. Kanga zilizoanikwa zikabadilika rangi. Paka wakahama. Wa mishkaki akavuta kiti chake nje, safi kama alivyooga, atazame vizuri.

Bi Mkubwa alifunika karai, lakini bakuli la ukwaju lilibaki wazi. Mteja wa kwanza akatafuna, akasimama, akatafuna tena polepole.

"Bi Mkubwa, leo umetia ufuta?"

"Ufuta wapi? Mtanga wa jirani huo!"

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyoleta utulivu. Kompresa ikazimwa, fundi akalaza mpira chini akaenda msikitini. Sasa, mpira wa kazi hii una mkono wa usalama: ukiuachia, hewa hukatika. Ni kifaa cha maana kuliko vyote, na fundi alikuwa ameufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili kidole kisichoke. Kijana wa kompresa akarudi kabla ya bosi wake, akafungulia hewa.

Mpira ulisimama kama fira. Ukaangalia huku, ukaangalia kule, kisha ukaanza kutapika mchanga kichochoro kizima. Wazee waliokuwa hawawezi kupanda ngazi bila kushikwa mkono walionekana juu ya baraza la pili. Bango la mgombea mmoja wa uchaguzi uliopita likang'olewa uso wote, yakabaki meno. Mwisho mpira ukageukia ukuta ambao wazee wa mtaa walikuwa wameuandika kwa rangi nyekundu USITUPE TAKA HAPA, ukalamba herufi tatu za mwanzo, na kijana akawahi kuzima.

Kufikia magharibi, agizo jipya lilikuwa limeshatekelezwa na mitaa mitatu ya jirani.

Baraza likakaa kuhukumu. Wazee wakaamua meza imalizwe, kwa kuwa nusu kijivu nusu kutu ni aibu ya mtaa, ila safari hii ipigwe kwa maji. Uamuzi haukuwa wa kijinga. Maji yakichanganywa na mchanga mdomoni mwa mpira, sehemu kubwa ya vumbi inalala chini badala ya kuruka. Lakini maji hayo yatoke wapi? Mfereji ulikuwa haujatoa kitu, mwenye mkokoteni wa madumu alisikia ni kazi ya fundi akapandisha bei, na fundi akaona kisima uani. Visima vya Mji wa Kale ni vya kuoshea vyombo na kutawadhia. Ukionja utajua bahari iko karibu. Nilipotaja chumvi, kila mtu alikuwa tayari amechoka na chumvi zangu.

Vumbi kweli halikuruka. Kilichotokea ni uji mwekundu ulioteremka kichochoroni kwa adabu, ukazunguka kona, ukakutana na mzee aliyekuwa anarudi msikitini na kanzu yake nyeupe. Kanzu ilirudi kwake na pindo.

Lakini meza! Kwa dakika chache ilikuwa nzuri hata shangazi akalengwalengwa na machozi: kijivu safi, kila ua limeonekana, kila herufi ya Singer imesimama. Hapo ndipo rangi ya kwanza inapaswa kupigwa. Kwenye meli huosha kwa maji baridi, hupima chumvi iliyobaki, hutia dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji yenyewe, na hawamwachi mtu wa rangi aende popote. Wetu alikwenda kula wali kwa samaki wa kupaka, na baada ya samaki wa kupaka hakuna mtu wa pwani anayeshika brashi. Aliporudi akinyoosha mgongo, meza ilikuwa rangi ya chungwa mwili mzima, kutu mbichi, sawasawa, imeenea vizuri kuliko rangi yoyote aliyowahi kupaka yeye.

Mwisho fundi aliifungua nati, akaibeba kwa vipande hadi karakana yake, ambako ana friza mbovu aliyoitoboa matundu mawili ya mikono, akatia glavu ndefu za mpira na kioo juu. Ukipiga kavu ndani ya friza hiyo, vumbi linabaki mle mle. Alikuwa nayo siku zote. Nilipomuuliza kwa nini hakuanza nayo, alisema hakuna aliyemuuliza. Rangi ya kwanza ilipigwa chuma kikiwa bado na joto la mkono.

Sasa imerudi, nyeusi, ina kioo juu, na shangazi haruhusu mtu aweke kikombe. Wanaokuja kuiangalia ndio wale wale waliotulaani. Mzee wa kanzu kaleta komeo la mlango, mwingine mbuzi ya kukunia nazi, na fundi amegeuza baraza letu ofisi ya kupokelea vyuma. Hata Bi Mkubwa alikuja, amebeba karai lake la zamani lililoota kutu mgongoni. Fundi akamwambia ataliingiza kwenye friza, halina shida.

"Friza sitaki. Nipigia papa hapa mlangoni, kavu."

"Bi Mkubwa, na lile vumbi?"

Akatazama upande wa mishkaki, akashusha sauti. "Si sasa, mwanangu. Ngoja kaskazi ianze."