Fundi Kasema Kesho

Ugomvi wangu na mafundi ulianzia kwenye ngazi mbili za mlango wa jikoni. Fundi alibeba nusu ya hela Jumatatu, akaahidi kuja Jumanne, halafu akahamia kwenye neno “kesho” akaishi humo wiki tatu. Ukimpigia anakwambia, “Niko njiani, bosi,” na nyuma yake unasikia chapati zinageuzwa. Mpaka leo tunatoka jikoni kwa kuruka.

Kwa hiyo niliposhikwa na wazimu wa tanuri la kuni, niliapa kwamba hakuna fundi atakayekanyaga uwanja wangu. Wazimu wenyewe niliutoa Unguja, harusini. Alfajiri tulitumwa mikate ya boflo, nikaumega mmoja njiani ungali wa moto: nje unakwaruza ufizi, ndani pamba, na moshi unanukia kwa mbali. Nikarudi Kihonda, Morogoro, nikiuona mkate wa dukani kama sponji ya kuoshea vyombo.

“Umewahi kujenga nini?” akauliza mke wangu.

“Banda la kuku.”

“Lile lililoanguka?”

“Liliegemea.”

Matofali ya kuchoma kwetu si shida. Nikashushiwa 300 getini, nikalipa, lori likaondoka. Ndipo mzee jirani, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye tanuri za matofali, akaja akaokota mawili na kuyagonganisha. Pu. Akachukua mengine. Pu. “Tofali lililoiva hulia kama kengele, mwanangu,” akasema kwa upole. “Haya yamepashwa tu.” Tukayachambua mpaka jioni, tukapata kengele kama 180 hivi. Yaliyobaki kwenye kundi la pu yakawa msingi, mahali ambapo hakuna anayeyauliza sauti.

Akaniambia pia nisiguse saruji. Saruji imeshikana kwa sababu imekunywa maji, na moto wa tanuri unakuja kuyadai maji yale. Ukimaliza kuyadai inabaki vumbi. Nitafute udongo wa kichuguu. Nikaitikia kwa adabu zote, “Nimekuelewa, mzee,” kisha nikaenda kufungua mfuko wa saruji uliokuwa stoo, kwa kuwa tayari ulikuwa umelipiwa.

Kuba hujengwa juu ya kichuguu cha uongo: unalundika mchanga mbichi, unaupigapiga mpaka uwe mviringo, unaufunika magazeti yaliyoloweshwa, halafu unapanga nusu tofali kuuzunguka hadi kileleni. Mchanga wangu ulipendeza kuliko chochote kilichofuata. Nikamtuma mwanangu aniletee mwiko, akaja na wa ugali. Kwa kazi niliyoifanya usingeona tofauti.

Asubuhi ya pili nikaanza kuutoa mchanga kupitia mlangoni, nimelala kifudifudi, mkono umezama mpaka begani. Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa kwa heshima kabla ya kuingia ndani. Nikavuta mkono. Tanuri likakaa chini taratibu kama ngamia, likanimwagia magazeti ya mwaka jana usoni.

Mzee alikuja, na hakucheka. Alifanya baya zaidi: alivua kandambili. Tukaukanyaga udongo wa kichuguu na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, na huku tukikanyaga akanieleza kosa langu. Nilipanga matofali kama ukuta, ncha za ndani zimeachana, pengo nimejaza saruji. Kuba halisimami kwa gundi, linasimama kwa kubanana: ndani tofali ligusane na tofali, udongo ujaze upande wa nje, na miguu ya chini izuiliwe, maana uzito wote wa juu unataka kuisukuma nje. Alipomaliza kusema alikuwa ameshapanga mistari mitatu. Mimi nilikuwa nampa matofali na kuteka maji. Nasisitiza kwamba kiapo changu hakikuvunjika. Yule si fundi, ni jirani.

Safari hii likasimama. “Kesho tutakula mkate,” nikatangaza.

Mzee akakataa. Udongo mbichi ukiuwashia moto mkubwa, unyevu unageuka mvuke na kulipasua tanuri. Kwanza uwe moto mdogo, wa kuchemshia maji ya kuogesha mtoto, siku saba. Siku ya nane nikaenda na kuni na unga, nikamkuta kuku wetu tetea amejitandaza mle ndani kwenye joto lililobaki, mayai chini yake. Mke wangu akasimama kati yangu na mlango wa tanuri. Kuku hulalia siku 21. Kila jirani aliyeuliza mkate uko wapi, mke wangu alimjibu kabla sijafungua mdomo: “Fundi kasema kesho.”

Vifaranga walipotoka, nikawasha. Masizi yalilifanya kuba jeusi ndani, na baada ya saa mbili na nusu yakaungua, tofali likarudi jeupe. Hapo ndipo tanuri linapokuwa tayari kupumzishwa. Nikakokota makaa nje, nikapiga deki sakafu kwa gunia bichi. Mzee alikuwa amenifundisha kurusha kiganja cha unga: ukiwa kahawia polepole, ingiza mkate, ukiwa mweusi papo hapo, kaa usubiri. Wangu ulikuwa mweusi kabla haujatua. Lakini nilikuwa nimesubiri kuku, na mtu ana kikomo chake.

Baada ya dakika kumi na tano nikautoa mkate. Majirani walikuwa wamekuja na vikombe vyao vya chai. Mke wangu akaupokea kwa kanga, akaugeuza, akaugonga kwa kidole. Ukalia kama kengele.

“Hili limeiva,” akasema, na kunirudishia. “Peleka kwenye ngazi ya jikoni.”