Mbegha Hakuwa na Namba ya Usajili

Huku kwetu Lushoto, ukitaka kujua wazee wanaijua historia kiasi gani, subiri mtoto wako afukuzwe chuo. Tangu mpwa wangu adisko, sebule yetu imegeuka baraza. Kila anayekuja kutupa pole anachagua kiti kizuri, anakunywa chai yetu, kisha anakohoa na kuanza: "Habari za Mbegha si unazijua?"

Habari za Mbegha! Msambaa gani hazijui? Kule Ngulu alikozaliwa, meno ya juu yalimtangulia kuota. Ndugu wakasema huyu ni kigego, ana mkosi, wakamnyima urithi wa baba yake. Akachukua mbwa na mikuki, akazunguka nyikani akiwinda nguruwe mwitu hadi akaingia milima hii. Akagawa nyama, akaua simba, na mwisho wenyeji wakampa utawala pale Vugha. Ukoo wa Wakilindi umeanzia hapo. "Kwa hiyo, ndugu yangu," mgeni anahitimisha huku akisogeza kikombe kiongezwe, "kufukuzwa si mwisho wa maisha. Mwambie kijana naye atafute Vugha yake."

Atafute wapi? Ukiingia Msitu wa Magamba leo na mbwa na mkuki, hukutani na simba. Unakutana na askari wa misitu, naye anataka kuona kibali.

Akiondoka huyo anaingia mwalimu mstaafu. Yeye hana shida na Mbegha, ana Samuel Sitta. Anatusimulia Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya JKT, na Mwalimu Nyerere akawatimua karibu 400 kwa mpigo. Sitta alikuwamo. "Na mwaka 2005 akawa nani?" anatuuliza, kana kwamba tuko darasa la nne. Tunajibu kwa pamoja: "Spika wa Bunge!"

Vizuri sana. Ila kuna kipande mwalimu anakiruka kila akisimulia: Sitta alirudishwa chuoni, akamaliza shahada yake ya sheria. Mimi uspika siutaki. Nataka hicho kipande cha katikati.

Maana wale wa 1966 angalau waliandamana. Mpwa wangu hakuandamana, hakuibia mtihani, hakumtukana mtu. Kosiweki ya somo moja ilisomeka sifuri, ingawa mazoezi yote alifanya na karatasi zilizosahihishwa anazo. Sifuri ikauburuta wastani, na mtoto akadisko bila hata kuonjeshwa sapu. Barua ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikamaliza kazi yake kwa mistari mitatu. Chuo chenyewe sikitaji. Kiko huko chini, mbali na milima hii.

Tulipiga simu kuuliza. Jibu: "Mfumo ndio umeonyesha hivyo." Zamani aliyekufukuza alikuwa na jina. Ungejua anakaa wapi, anasali wapi, na shemeji yake ni nani. Mfumo hauna shemeji. Huwezi kuupelekea gunia la viazi ukaomba mazungumzo.

Na si mzigo wa mfumo tu anaobebeshwa mwanafunzi. Mwaka 2016 wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu pale UDOM walipewa saa 24 wawe wameondoka, kwa sababu walimu wao walikuwa wamegoma kufundisha. Aligoma mwalimu, akafungasha begi mwanafunzi. Baadaye baadhi walirudishwa na wengine wakapangiwa vyuo vingine, lakini usiku ule stendi ya basi haikuuliza nani amegoma.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mji huu ni wa sheria. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kiko hapa hapa Lushoto, halafu sisi tunatibu barua kwa hadithi za uwindaji. Bahati nzuri jirani yetu ana mpangaji anayesoma pale. Alikuja, akaamkia, chai akaikataa, akauliza: "Rufaa mmeshaandika?"

Sebule nzima ikatazama sakafu.

Kijana akatueleza kwamba Katiba, ibara ya 13(6)(a), inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Akatutajia kesi ya Manyaki ya mwaka 1984, ya mwanafunzi aliyekipeleka Chuo cha Usimamizi wa Fedha Mahakama Kuu, ambayo wanasheria huitaja hadi leo wakizungumzia haki ya asili. Akavuka bahari hadi Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake bila kumwita. Mwaka 1723 jaji mmoja akasema hata Mungu hakumtoa Adamu bustanini kabla ya kumwita na kumhoji. Bentley akarudishiwa shahada zake.

Dada yangu, mama wa mtoto, akaweka birika chini.

"Kumbe Adamu alipewa kikao?"

"Alipewa, mama."

"Na tunda alikuwa amekula kweli?"

"Alikula."

"Basi wangu hajala!"

Usiku ule ule rufaa ikaandikwa. Tukagundua kwamba kulalamika nako kuna ada, tena kwa kontroo namba. Tukauza kabichi, tukalipa. Karatasi za mazoezi zikaambatanishwa, nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Chuo kilipokaa na kutazama, alama zilikuwepo siku zote, zimeingizwa kwenye namba ya usajili ya mtu mwingine. Barua ya kumrudisha nayo ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Neno samahani hatujaliona hata tulipogeuza karatasi. Ada ya rufaa tunaambiwa inashughulikiwa. Na wageni wamekuja tena, safari hii kutupongeza. Sukari imekwisha.

Msomaji, barua kama hiyo ikiingia kwako, omba sababu kwa maandishi. Soma kanuni za chuo ujue rufaa ina siku ngapi, andika, lipa, na udai nakala yenye muhuri. Chuo kikikataa kukusikiliza, Mahakama Kuu ipo, ila kibali cha kufungua maombi huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Ukichelewa, jaji hatakuuliza ulikuwa ukipewa pole na nani.