Sifa za Kosa la Jumla

Mnazi umesifiwa na malenga hadi makuti yake. Jahazi limesifiwa, na kanga haikuachwa nyuma. Anayesubiri barazani bila kukaribishwa ni mstari mmoja ambao mafundi wa mitandao huuandika kwenye swichi za Cisco: “interface range GigabitEthernet1/0/1 - 48”. Maana yake ni kwamba lolote litakaloandikwa baada ya hapo litazipata poti zote 48 kwa mpigo mmoja. Swichi nyingi za ofisini zina poti kiasi hicho, na kila poti huhitaji walau mistari minne: wa kuitaja, wa kueleza kwamba inahudumia kompyuta, wa kuitia kwenye VLAN yake, yaani kile kitongoji cha mtandao inachostahili kukaa, na wa kuiandikia maelezo. Kwa kwenda poti moja moja, hiyo ni mistari 192. Kwa amri hii ni minne. Na baada ya kazi yote haidai hata kukumbukwa: ukifungua usanidi wa swichi utakuta kila poti imeandikiwa mistari yake, na amri yenyewe haimo. Imetenda wema, ikaenda zake.

Lakini kuisifu kwa sababu inapumzisha vidole ni kumsifu mpishi kwa sababu hakuvunja sahani. Ubora wake mkubwa uko kwenye makosa. Fundi anayesanidi poti moja moja hukosea kwa rejareja: anafika poti ya 31, simu inaita, anaandika VLAN 110 badala ya 10. Swichi haishtuki, maana 110 nayo ni namba halali. Kama VLAN hiyo haipo, mara nyingi inaiumba papo hapo, kwa adabu zote. Kosa linalala hapo, poti haina mtu, mpaka siku dawati litakapohamishwa na mhasibu aanze kulalamika kwamba kompyuta yake ni mbovu. Kompyuta itabadilishwa, kebo itabadilishwa, pengine na mhasibu mwenyewe atashukiwa. Amri ya jumla haijui unafiki huo. Ikitia 110, inatia 110 kote. Ghorofa nzima inakatika pamoja, mkurugenzi na tarishi, na fundi anatafutwa kabla chai yake haijapoa. Kosa linalomgusa kila mtu halina pa kujificha, na njia ileile liliyoingilia ndiyo linayotokea.

Nasikia watu wakikohoa. Watasema ghorofa moja ni mchezo. Je, amri moja inapoangusha dunia? Nao wana ushahidi. Tarehe 4 Oktoba 2021, katika matengenezo ya kawaida, Facebook walitoa amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wao mkuu. Badala ya kupima, ikakata viungo vyote vya mtandao huo, na programu iliyowekwa kuzuia makosa ya namna hiyo ikaipitisha kwa sababu nayo ilikuwa na hitilafu. Facebook, WhatsApp na Instagram zikatoweka kwa takriban saa sita. Sawa, haikuwa amri yangu, ila ni ya ukoo wake, na sitaukana ukoo. Lakini tazameni kilichokula saa hizo. Kujua kwamba kuna tatizo hakukuwa kazi: dunia nzima iliwaambia. Muda ulikwenda kwenye kuvifikia vifaa, kwa kuwa njia ya kuviendea kwa mbali ilikatika pamoja na mtandao wenyewe, na zana zao nyingi za ndani zikazimika, ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye majengo yenye ulinzi mkali. Hilo ni shtaka dhidi ya aliyejenga nyumba yenye mlango mmoja, si dhidi ya upepo ulioufunga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: katika zile 48 huenda imo poti ambayo fundi mwenyewe ameingilia, akaizima na kujifungia nje, funguo zikabaki ndani. Ni kweli, hutokea. Ila dawa yake ni ya siku nyingi. Kabla ya kuanza, fundi huiagiza swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10. Kwa kuwa mabadiliko yanafanya kazi papo hapo lakini hayajahifadhiwa, akijifungia nje swichi itaamka na usanidi wa jana. (Baadhi ya swichi hukataa pia kistari cha amri hii kisichotanguliwa na nafasi. Wageni huona usumbufu. Mimi naona ni kupigiwa hodi.) Na wanaodai kwamba zama zake zimepita kwa kuwa siku hizi kuna programu ya Ansible wanachekesha. Ansible huipeleka amri moja kwenye swichi 200. Mjukuu amerithi tabia ya babu, akaongeza sauti.

Basi wewe fundi uliye mbele ya swichi sasa hivi, kabla hujabonyeza, tazama kwanza umeingilia poti ya ngapi.