Teste ya Akili na Mfupa wa Ishango

Kijana wa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, anayepeleka dosie ya kazi Beni au Butembo hujiandaa kwa kila kitu isipokuwa teste ya akili atakayopewa huko. Fotokopi ya diploma ipo, tena ina muhuri. Shati limepigwa pasi ya makaa. Nauli ya moto, yaani pikipiki, imekopwa kwa shangazi muuza samaki. Muulize amefanya mazoezi gani, atakwambia kwamba teste hii inapima akili, na akili mtu huzaliwa nayo. Basi anapanda moto, anatoka ziwani, kwenye mita 912 hivi, anafika Butembo, juu ya mita 1,700, vumbi likiwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Anapewa karatasi: treni mbili zimeondoka katika vituo viwili tofauti, zitakutana saa ngapi? Treni haijawahi kufika Butembo. Dakika tatu zinamwishia akijiuliza kama zikikutana hazitagongana.

Kwa maoni yangu teste hizi hupima mazoea kuliko akili ya kuzaliwa, na ushahidi uko jirani kabisa na Kyavinyonge. Pale Ishango, mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wenye umri wa miaka 20,000 hivi, umechorwa alama katika safu tatu. Safu moja inahesabika 11, 13, 17, 19. Ni nini kinachofuata? Aliyezoea maswali ya aina hiyo ataandika 23 bila kupepesa macho, kwa sababu anajua mtunzi anawaza nini. Asiyezoea atajibu kwamba hapo mfupa uliisha, na kusema kweli yeye ndiye aliyeutazama mfupa. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels, na wataalamu wanabishana hadi leo: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine mikwaruzo tu ya kushikia mpini. Miaka zaidi ya 70, bila msimamizi wa kuwahimiza, hawajakubaliana. Kijana wetu anapewa sekunde hamsini.

Marekani nayo ilipoingia vitani mwaka 1917, jeshi lake liliwapima askari zaidi ya milioni moja na nusu. Wasiojua kusoma walionyeshwa picha zenye kitu kilichopungua wakichore, mojawapo uwanja wa tenisi usio na wavu. Mhamiaji aliyetoka kijijini bila kuona tenisi aliandikwa kuwa mzito wa akili. (Wavu! Hapo walau mvuvi wa Kyavinyonge angebahatisha alama.) Na mama anayeuza tilapia wa chumvi ufukweni hupokea dola, franga na shilingi za Uganda, akarudisha chenji bila kalamu. Mpe hesabu ile ile iliyojaa x na y, atakuuliza huyo x ni mtoto wa nani.

Wapo wanaosema kujizoeza ni kudanganya. Mbona hatumwiti mwongo anayepiga pasi shati la siku moja? Tafuta fotokopi za maswali ya zamani, yafanye huku saa ya simu ikihesabu, swali linalokukatalia liruke. Beba kalamu mbili, maana ya kwanza hukauka kwenye swali la nne. Hoja nzito ni ile ya mwenye kusema nafasi imeshapata mwenyewe, mpwa wa mkubwa fulani. Hutokea: wakati wa Ebola, kuanzia 2018, manung'uniko kwamba kazi zinakwenda kwa wageni yalisikika sana Beni na Butembo. Lakini anayeitoa hoja hiyo kwa kawaida naye yuko kwenye foleni ya teste. Angekuwa na hakika, ile nauli angenunulia nyuzi za wavu. Mpwa akipata 30 huenda akaajiriwa. Wewe ukipata 30 huna hata cha kulalamikia. Ukipata 80, mkubwa atalazimika kukaa chini atunge sababu ya kukukataa, na yeye kwa kutunga sababu hajafanya mazoezi.