Lipu ya Sementi na Ukuta Unaotoa Jasho

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta zake nyingi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hii hunyonya maji ya chini pamoja na chumvi yake, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Sasa aje mwenye nyumba aliyestaarabika, autandike lipu ya sementi, nyororo kama kioo. Jasho la ukuta halina pa kutokea. Linapanda juu kuzisalimu boriti za mikoko, nazo, kwa adabu zao, zinaoza bila kelele. Nje kumependeza. Gonga kwa kidole usikie: ko, ko, kama dafu lililokaukiwa maji. Siku ya kubanduka, lipu huanguka mabamba kwa mabamba, na uso wa jiwe umeng'ang'ania nyuma yake.

Wataniambia sementi ni ya haraka, ilhali chokaa huloweshwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Kweli tupu. Haraka hiyo ndiyo inayomrudisha fundi kila baada ya misimu michache, akakaribishwa kama jamaa. Wengine husema chokaa ni laini mno, inakwaruzika. Naam, imepakwa ichakae yenyewe, jiwe lisalimike. Na kwa ulaini huohuo mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walinakshi zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambavyo leo wenye pesa huviigiza ukumbini kwa, tena bila haya, sementi.