Bawabu wa Mlango wa Watu

Sikuigusa diski ya ndani ya kompyuta ya Mama Neema. Naapa. Ndani mle mna Windows yake na alama za wanafunzi wa darasa la saba, nami sitaki kesi. Ndiyo maana Linux zangu mbili nilizipangisha kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya.

Jumatatu nikachomoa diski, nikaitia mfukoni, nikapanda daladala. Saa mbili kasoro, simu.

"Baba Neema, hii kompyuta imeandika nini?"

"Nisomee."

"Grub. Halafu kijistari kinanikonyeza."

Jasho likanitoka. GRUB ni bawabu: ukiwasha kompyuta, yeye ndiye anayekuuliza unakwenda kwa nani. Nilipokuwa nasakinisha kupitia kompyuta yake, nilichagua kabisa bawabu akae kwenye diski ya nje. Programu ikaitikia vizuri, kisha ikaenda kumweka kwenye kile kisehemu cha kuwashia cha diski ya ndani. Daftari lake la wageni likabaki kwangu, mfukoni, tumebanana kiti cha nyuma. Atamfungulia nani?

"Zima, washa, gonga F12 upesi upesi, uchague Windows."

"Nigonge mara ngapi?"

"Mpaka ikubali."

Aligonga. Nilisikia kila kitufe, na kila kimoja kilikuwa na jina langu.

Jioni nikaketi kurekebisha. Nikarudia amri ya grub-install, safari hii na neno --removable, ambalo humweka bawabu kwenye diski kwa jina la BOOTX64.EFI, ndani ya folda EFI/BOOT. Hapo ndipo mashine hutazama zenyewe zinapochomekewa diski ngeni. Neno moja hilo! Na menyu ikaonyesha Linux moja tu. Kumbe tangu toleo la 2.06, la mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine huja imezimwa. Ukitaka kuiwasha unaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, yaani unakanusha kuzimwa. Nani huongea hivyo nyumbani kwake? Nikakanusha, nikapiga update-grub, wapangaji wote wakajitokeza. Bawabu wa ndani nikamfukuza, Windows ikarudi kuwa ya kwanza kwenye foleni.

Sasa diski yangu inaweza kuwaka kwenye kompyuta nyingi za watu. Ya nyumbani inalala kabatini chini ya vitenge, na ufunguo Mama Neema huenda nao shuleni.