Nakwenda Kuvua, Siendi Kununua

Hapa Tunduma ukisema unavuka mpaka, hakuna anayekuuliza unakwenda kufanya nini. Ama unakwenda kununua, ama unakwenda kuuza. Mji mzima unaishi kwa majibu hayo mawili, na mimi nimeutibua kwa kusema kwamba nakwenda Zambia kuvua samaki na kumrudisha majini.

Wazo lenyewe si langu. Mke wangu aliwaona kwenye runinga Wamarekani wawili, mtu na mkewe, wamefunga safari ya kwenda magharibi ya nchi yao, Montana, wamesimama mtoni maji yakiwafika mapajani, wanamsubiri samaki aitwaye trauti. Wakimpata wanamtazama, wanapiga naye picha, wanamwachia. Kisha wanakwenda kuangalia milima.

"Baba watoto," akaniambia, "sisi tangu tuoane tumesafiri wawili kwenda wapi?"

Nikamjibu: misibani. Hakucheka.

Ikabidi tutafute magharibi yetu, maana ya Marekani inataka viza na yetu inataka kuvuka Nakonde tu. Trauti wapo Kenya, walipandikizwa na walowezi mwaka 1905 katika mito ya baridi ya Aberdare, lakini nilipoitazama nauli nikagundua kwamba siwapendi kiasi hicho. Nikapendekeza Kasanga, kando ya ziwa Tanganyika, jirani kabisa. Mke wangu akanikumbusha kwamba Kasanga yuko shangazi yangu, na ukifikia kwa shangazi hiyo si likizo, ni ukaguzi. Kidole chake kikaondoka hapo kwenye ramani, kikashuka Kasama, kikapita Luwingu na Mansa, kikapandisha na bonde la Luapula mpaka Mwansabombwe, kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, na mbele kidogo Nchelenge, ziwa Mweru. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 5,000, ng'ambo yake Kongo. Trauti hawezi kuishi humo, maji yana joto mno kwake, ila kuna yule samaki wa milia mwenye meno yasiyoenea mdomoni, na kuna ndugu wa sato ambaye wenyeji humwita pale. Nikasema sawa, mwenye meno huyo nitampiga picha kwa mbali.

Kosa likafanyika: mke wangu akamwambia mama yake.

Mama mkwe alipiga simu jioni ileile. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mifugo yote, akasema, "Mkwe wangu, nasikia unakwenda Mweru. Mungu akutangulie. Niletee chisense, gunia moja tu linatosha." Chisense ni vidagaa vya ziwa lile, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani, na kwa utamu wake sina ugomvi. Ugomvi wangu ni gunia. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba safari hii ni ya mapumziko, ya watu wawili, kwamba nakwenda kuvua kwa starehe, na samaki nitakayempata nitamwachia aende zake. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani salio limekwisha. Kisha akaomba azungumze na binti yake.

Tangu siku hiyo sina amani. Shemeji yangu anataka magunia mawili, la kwake na la biashara. Mzee mmoja wa ukoo, aliposikia kwamba ndani ya Mweru kuna kisiwa kinaitwa Kilwa, ameniagiza nimpigie picha za msikiti wa kale, na nilipomwambia kwamba huo uko Kilwa ya Lindi, upande wa pili kabisa wa nchi, akasema vijana wa siku hizi tuna visingizio. Nikaenda sokoni kumuuliza mama anayeuza samaki wakavu, ambaye huchukua mzigo wake soko la Kashikishi, pale pale Nchelenge. Nilitaka anieleze mandhari. Akanieleza bei.

"Baba, Kashikishi haendi mtu kustarehe. Tunakwenda kufunga mzigo."

Nikamuuliza kama mvuvi atakubali kunibeba kwenye mtumbwi wake nikatupe ndoano kwa raha zangu. Akanitazama kwa huruma. "Atakubali. Utamlipa akupeleke, utavua, samaki utamwachia, halafu utashuka ununue samaki kwake. Mbona atakupenda sana huyo!"

Sasa ingia kwenye kalenda. Kazini kwetu likizo hutolewa Desemba, upende usipende. Zambia nayo, kila mwaka, hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Yaani katika miezi yote kumi na miwili, bosi wangu na samaki wa Mweru wamechagua kupumzika pamoja. Na siwezi hata kulalamika kwa sauti, kwa sababu sheria hiyo ina maana. Zamani samaki mkuu wa huko aliitwa mpumbu. Mvua zikianza alipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga, na watu wakamtegea nyavu njiani akiwa na mayai tumboni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu akawa amekwisha, na biashara yake ikafa. Kwa hiyo samaki namwelewa. Bosi ndiye bado simwelewi.

Mke wangu naye hataki Desemba. Anafundisha historia sekondari, na mtu wa namna hiyo hapangi safari, anaandaa somo. Anataka mwisho wa Julai, wakati wa Umutomboko, sherehe ya Walunda pale Mwansabombwe, ambapo Mwata Kazembe hutoka amevaa sketi yake kubwa ya kifalme, shoka mkono mmoja na upanga mkono wa pili, akacheza mwenyewe ngoma ya ushindi mbele ya umati. Mimi nilikuwa nauliza habari za chambo, yeye akawa ananisimulia Nachituti: mama ambaye kaka yake, chifu Nkuba, alimuulia mwanawe. Nachituti akaenda kwa Kazembe kudai kisasi. Nkuba alipouawa, akamkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na maji yake yote. Nikasema huyo mama ametoa ziwa zima kwa chungu kimoja, na mama yako ananidai gunia. Nikaambiwa nisichafue historia.

Akaendelea. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798. Nikauliza aliionaje nchi. Alifariki hukohuko, mwaka uleule. Hilo, kama tangazo la utalii, halijanivuta. Livingstone alifika 1867 na akatoka salama, lakini Livingstone hakuwa na wakwe wa kuwabebea mizigo.

Kilichofuata ni maombi ya likizo ya Julai, ambayo mke wangu aliyaandika kwa mkono wake na mimi nikatia sahihi. Bosi amekubali, sijui kwa nini, ingawa alipomaliza kusoma aliniuliza chisense inauzwaje huko.

Jana nimekabidhiwa ratiba, karatasi imepigwa mstari kwa rula. Maporomoko ya Ntumbachushi, asubuhi nzima. Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 30: siku nzima na chakula cha kubeba. Umutomboko, siku mbili. Soko la Kashikishi, "kwa mama", alasiri yote. Nikashuka na kidole nikitafuta uvuvi, ambao ndio ulioianzisha safari hii. Nikaukuta chini kabisa, siku ya kurudi: "Alfajiri: baba watoto avue. Saa 12 kamili: basi."

Nikalalamika kwamba hapo hata ndoano haijalowa.

"Saa kumi na mbili ya Zambia," akasema bila kuinua macho. "Wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimekuongezea saa nzima, na bado unanung'unika."